Kalibu Nzima, Bila Ufa

Nchi inayosimuliwa hapa msomaji asiitafute kwenye ramani, kwa sababu ramani zake zote ziko kabatini na ufunguo umepewa mtu ambaye jina lake ni siri. Inatosha kujua kwamba ilikuwa nchi ya utaratibu. Mtu hakuruhusiwa kugundua kitu chochote kabla ya kupewa Kibali cha Kugundua, na kila kibali kiliambatana na Orodha ya Vitu Vitakavyogunduliwa, ili pasitokee usumbufu.

Dokta Nasra Lukindo, mwanaakiolojia, alipokea orodha yake Jumatatu saa mbili asubuhi, ndani ya hema la kazi juu ya kilima cha Tanurini. Ilikuwa na vitu vinne. Tanuri la kuyeyushia shaba, moja. Majivu, ya kutosha. Shimo la kusubia mizinga, moja, lenye kina cha heshima. Na cha nne, kilichopigiwa mstari mara mbili: kalibu ya Mzinga Mkuu, moja, nzima, bila ufa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palielezwa kwamba kushindwa kugundua kitu kilichoorodheshwa kungehesabiwa kuwa ni kukificha.

Dokta aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu wa hesabu na vipimo, na hesabu ilisema hivi: tangu utaratibu huo uanze, miaka kumi na moja iliyopita, hakuna kitu hata kimoja kilichoorodheshwa ambacho kiliwahi kukosekana. Mtangulizi wake, Dokta Malundi, aliwahi kutakiwa agundue kiti cha enzi cha malkia wa kale. Alichimba miezi mitatu, akaandika neno moja kwenye ripoti: "Hakipo." Kiti kilipatikana wiki iliyofuata. Ni Dokta Malundi ambaye hakupatikana. Koti lake la kijivu lilikuwa bado limetundikwa kwenye nguzo ya hema, kwa kuwa hakuna aliyejua ni ofisi gani inayotoa kibali cha kuliondoa. Dokta Nasra alifanya kazi akiwa amelipa koti hilo mgongo.

Habari za Mzinga Mkuu kila mtoto wa nchi ile alizijua kabla ya kuota meno. Miaka mia nne iliyopita mababu waliyeyusha shaba na bati pale Tanurini, wakaimimina ndani ya kalibu ya udongo, wakasubu mzinga mmoja, wakaufyatua mara moja, na maadui wakarudi walikotoka bila hata kuaga. Mzinga wenyewe ulisimama katikati ya mji mkuu, Uwanja wa Mzinga, na picha yake ilichapishwa kando ya ile ya Mtukufu Mlezi, mtawala wa nchi, kwenye stempu, kwenye majalada ya madaftari na kwenye kadi za kliniki za wajawazito.

*

Tanuri lilipatikana siku ya pili. Majivu yalitosha. Siku ya nne Mzee Chitemo, msimamizi wa wachimbaji, aliita kutoka shimoni.

"Dokta! Njoo uone. Vimejaa humu kama karanga guniani."

"Taratibu, Mzee. Tumia brashi."

"Brashi ninayo mkononi. Roho ndiyo inayotaka sepetu."

Vilikuwa vipande vya udongo uliochomwa, vyekundu nje, vyeusi ndani, na upande wa ndani umelainishwa kama bakuli. Dokta aliviosha, akavipa namba, akavihesabu: elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Aliunganisha arobaini vya sehemu ya mdomo, akapima upana wake, akaulinganisha na vipimo vya mzinga wa Uwanjani. Tofauti ilikuwa nusu sentimita. Alipima tena, ikawa ileile.

Mizinga ya shaba ya zama zile ilisubiwa katika kalibu ya udongo iliyofukiwa wima shimoni. Shaba ikishapoa, hakuna njia ya kuutoa mzinga ila kuivunja kalibu. Kila mzinga una kalibu yake, na kalibu hutumika mara moja tu. Vipande vile elfu mbili na kitu vilikuwa ushahidi kwamba mababu walifaulu.

"Kumbe ni kama ganda la yai," alisema Mzee Chitemo. "Kifaranga yuko uani anadonoa, halafu mtu anakuja kudai ganda zima."

Kipande namba 1,107 kilikuwa na alama ya kidole gumba, imebonyezwa udongo ukiwa mbichi. Mzee Chitemo alisogeza gumba lake karibu, bila kugusa. Hakuwahi kujifunza kuandika. Kila asubuhi, mbele ya Dokta, alichovya kidole kwenye wino na kukibonyeza katika daftari la mahudhurio, mstari wa kwanza, kisha akaufuta kwenye suruali.

"Huyu bwana alikuwa na kidole kinene kama changu," alisema. "Si mtu wa kalamu huyu. Pole na kazi, fundi."

Dokta aliandika ripoti ya kurasa mbili. Ilisema kwamba hadithi ya Mzinga Mkuu ni kweli. Katika nchi ile halikuwahi kutokea jambo la ukweli na serikali kukubaliana, na mtu mwangalifu kama yeye alipaswa kushtuka.

*

Jumatatu iliyofuata alifika Bwana Anselmi Kihwelo, Katibu Mkuu wa Wizara ya Utukufu wa Zamani, na magari manne. Alisimama ukingoni mwa shimo na kutazama vipande vilivyopangwa juu ya turubai.

"Hii ndiyo kalibu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mbona imevunjwa?"

"Ilivunjwa ili mzinga utoke."

"Nisaidie, Dokta. Nani alitoa kibali cha kuivunja?"

"Fundi mwenyewe aliivunja. Miaka mia nne iliyopita."

"Jina lake?"

"Halijulikani."

"Kwa hiyo kuna mtu asiyejulikana," alisema Katibu Mkuu polepole, "ameharibu mali ya umma, na wewe umemwandikia kurasa mbili za kumsifu."

Alitoa nakala ya orodha mfukoni. "Nzima. Bila ufa. Neno 'ufa' Mtukufu Mlezi alilitamka kwa kinywa chake, nikiwepo. Siku ya Mzinga ni Ijumaa ya wiki ijayo. Atakuja hapa kuigusa. Ataigusaje? Kipande kimoja kimoja, mpaka jioni?"

Alijifuta paji la uso. Dokta aliona kwamba leso ilikuwa imelowa hata kabla ya kufika usoni.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema Mzee Chitemo kutoka shimoni, akidhani anasaidia. "Ni kama ganda la yai tu. Lisipovunjika..."

"Nani huyu?"

"Msimamizi wa wachimbaji," alijibu Dokta.

"Amejuaje mambo ya kuvunja?"

Katibu Mkuu aliandika kitu kwenye kijitabu chake, na magari manne yakashuka kilima.

*

Kesho yake alikuja Kamishna Sadala wa Idara ya Utulivu. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kumbembelezea mgonjwa, na alikuja na chupa ya chai yake mwenyewe. Kikombe cha kwanza alimpa Dokta.

"Kunywa, dada. Umechoka. Kazi ya jua si mchezo."

Dokta alikunywa. Koti la Dokta Malundi lilikuwa nyuma ya kichwa cha Kamishna, na ilionekana kana kwamba amelivaa.

Kamishna alichukua kipande namba 1,107 na kumwandikia stakabadhi. Kisha vijana wake wakachukua alama za vidole gumba vya wachimbaji wote thelathini na mmoja, vya mpishi, na vya wakazi wa vijiji vitatu vya jirani, akiwemo mama mmoja aliyekuwa katika uchungu wa kuzaa, mtoto wake dakika ishirini baadaye, na marehemu mmoja aliyekuwa akisubiri kuzikwa. Jumla ilikuwa elfu nne na themanini na mbili.

"Mashine yetu haijawahi kumkosa mtu," alieleza Kamishna.

"Na ikimkosa?"

"Haijawahi."

Mashine iliundwa itaje aliye karibu zaidi, basi ikataja. Mzee Chitemo alifanana na kipande kwa asilimia arobaini na moja. Wengine wote walikuwa chini ya hapo.

"Kamishna, kipande kile kina miaka mia nne," alisema Dokta. "Mzee Chitemo ana miaka hamsini na minane."

"Hilo tumeliona, dada, na tumeliandika. Linaongeza uzito wa kosa. Mtu amejificha muda wote huo."

Walimchukua Jumatano saa nne asubuhi, akiwa na kikombe cha uji mkononi. Hakupiga kelele. Aliweka kikombe juu ya jiwe, mahali ambapo hakitapigwa teke, akageuka.

"Dokta, waambie basi."

"Nitawaambia, Mzee."

"Waambie lile la ganda."

*

Dokta alikaa siku mbili akipanga maneno. Aliamini kwamba hoja ikinyooka, mtu yeyote mwenye akili ataifuata. Ijumaa alipanda ngazi za Idara ya Utulivu hadi ghorofa ya sita. Alizihesabu, mia moja na nane, ili asiwaze jambo jingine.

Kamishna alimmiminia chai. Dokta hakuigusa.

"Kamishna, tuchukue kwamba orodha ni sahihi na kalibu ni nzima. Kalibu ikiwa nzima, mzinga haukutoka ndani yake. Na kama haukutoka, pale Uwanjani kuna nini?"

Kikombe cha Kamishna kiligonga sahani na chai ikamwagika. Aliinuka, akafunga dirisha, ijapokuwa chini ya dirisha hapakuwa na kitu ila hewa ya ghorofa sita. Aliporudi, sauti ilikuwa imembadilika.

"Nani mwingine amesikia maneno hayo?"

"Wewe tu."

"Basi sasa tuko wawili. Asubuhi ya leo, dada, nilikuwa na mke, watoto watatu na usingizi wangu."

Dokta alikuwa amefikiri ukweli ungemfungua yule mtu. Aliona umemtia hofu, na papo hapo akaelewa kwamba Kamishna mwenye hofu ni hatari kuliko Kamishna mtulivu. Alitazama mlango. Ulikuwa mbali kuliko ulivyokuwa alipoingia.

"Sikiliza," alinong'ona Kamishna. "Wizara ya Ujenzi itatengeneza kalibu nzima. Ikiwepo nzima, hakuna iliyovunjwa. Kama hakuna iliyovunjwa, hakuna aliyevunja. Mzee wako atatoka Jumamosi, baada ya sherehe. Wewe unatakiwa usimame karibu na kunyamaza. Unaweza kunyamaza?"

Kwa miaka kumi na tisa ya kazi Dokta hakuwahi kuandika katika daftari jambo ambalo halikutokea. Lakini kunyamaza si kuandika. Alijiambia hivyo pale pale, na angejiambia tena kwenye ngazi, wakati wa kushuka.

"Ninaweza," alijibu.

*

Kalibu mpya ililetwa na lori mkesha wa sherehe. Ilikuwa ya saruji, imepakwa rangi ya udongo, na ilinukia duka la vifaa vya ujenzi. Waliifukia shimoni hadi kiunoni. Vipande elfu mbili mia tatu na kumi na tano vilitiwa magunia na kufichwa nyuma ya tanuri.

Ijumaa kilima kilijaa mabalozi, bendi ya magereza na watoto wa shule wenye bendera. Katibu Mkuu Kihwelo alitoa hotuba iliyokuwa na neno "tukufu" mara sitini na tatu. Dokta alihesabu. Kisha Mtukufu Mlezi, mtu mfupi aliyevaa glavu nyeupe, akateremka ngazi za zulia hadi shimoni, akaigusa kalibu. Glavu ilitoka na rangi nyekundu. Watu walipiga makofi.

Mtukufu aliizunguka kalibu mara moja. Akaizunguka tena.

"Na mzinga ulitokaje humu?" aliuliza.

Lilikuwa swali la akili, na hakuna aliyekumbuka kumsikia akiuliza jingine. Bendi iliacha kupiga. Katibu Mkuu alimtazama Kamishna. Kamishna alitazama viatu vyake. Kisha wote wawili, na nyuma yao mabalozi, wakamtazama Dokta Nasra.

Akisema kalibu ni ya bandia, Mzee Chitemo atabaki kuwa mvunjaji. Akisema ni ya kweli, basi mzinga wa Uwanjani hauna mama. Alitafuta sentensi ambayo ni kweli na haimtaji mtu yeyote.

"Mtukufu, mzinga hautoki mpaka kalibu ivunjwe."

Mtukufu alifikiri. Uso ukamng'aa.

"Kwa hiyo umo bado! Wa pili! Wazee walituachia wa pili, na ninyi mmekaa tu! Leteni nyundo!"

Nyundo ikaletwa. Alipiga mwenyewe, mara tatu, na saruji ambayo haikuwa imekauka sawasawa ikafunguka kama papai. Ndani hapakuwa na mzinga. Mafundi wa Wizara ya Ujenzi walikuwa wamejaza magazeti ili saruji isibonyee, na katika nchi ile hakuna gazeti lililotoka bila picha ya Mtukufu Mlezi ukurasa wa kwanza. Alichomoa moja. Akajiona.

Dokta alihesabu sekunde kumi na moja. Kamba ya bendera iligonga mlingoti. Katibu Mkuu alikuwa ameshaanza kukaa chini, taratibu, bila kiti.

"Wazee," alisema Mtukufu, na machozi yakamtoka. "Wazee walinijua!"

Makofi yalichukua dakika kumi na nne. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Gazeti lilikuwa la Jumanne ya wiki ile, lakini siku hiyo kilima kizima hapakuwa na mtu anayejua kusoma.

Jioni redio ilitangaza amri mbili. Ya kwanza, Mtukufu Mlezi ndiye Mvunja Kalibu wa Kwanza, na hakuna mtu aliyewahi kuvunja kalibu yoyote kabla yake. Ya pili, fundi wa kale aliyetabiri ujio wa Mtukufu atatafutwa na kupewa heshima anayostahili.

Ya pili Dokta hakuitilia maanani. Alikuwa anawaza Jumamosi.

*

Mzee Chitemo alirudi Jumamosi kwa miguu, na karatasi iliyoeleza kwamba ameachiwa kwa kuwa tukio halikutokea, na kwamba siku zake kumi hazikuwepo. Gumba lake la kulia lilikuwa limefungwa kitambaa.

"Walichukua alama mara ngapi?" aliuliza Dokta.

"Niliacha kuhesabu. Walitaka kufanana kufike asilimia hamsini."

"Kukafika?"

"Hamsini na mbili. Yule mpole alifurahi, akanipa chai."

Walipewa amri ya kuvifukia vipande, ambavyo pia havikuwepo. Mzee Chitemo alivishusha gunia kwa gunia, akiviweka kama mtu anayelaza watoto, ingawa hakuna aliyemtaka afanye taratibu. Hakuuliza kipande namba 1,107 kiko wapi. Dokta hakumwambia kwamba kiko katika jalada, pamoja na alama za gumba lake.

Jumatatu saa mbili asubuhi ilikuja orodha mpya. Ilikuwa na kitu kimoja.

Fundi aliyemtabiri Mtukufu Mlezi, mmoja, kwa ajili ya maziko ya kitaifa. Mwanamume. Umri, miaka hamsini na minane. Kidole gumba cha kulia kiwepo, na alama zake zionekane. Mwisho wa kugundua, Alhamisi. Pembeni, kwa mwandiko mzuri wa mkono: "Salamu, dada. S."

Dokta aliisoma mara tatu. Mifupa haina alama za vidole. Hilo yeye alilijua, na aliyeandika alilijua pia. Miaka kumi na moja, hakuna kitu kilichowahi kukosekana.

Mzee Chitemo aliingia hemani kwa ajili ya mahudhurio, akaanza kufungua kitambaa.

"Wanataka nini safari hii, Dokta?"

"Una ndugu yeyote ng'ambo ya mpaka?"

"Dada yangu. Mwaka wa sita hatujaonana."

"Nenda kamsalimie."

"Sijaomba ruhusa."

"Nenda leo, Mzee. Sasa hivi. Pitia nyuma ya tanuri, usipite kijijini."

Mzee Chitemo aliitazama karatasi, ambayo hakuweza kuisoma, kisha akaitazama mikono ya Dokta, akaisoma yote. Dokta alilishusha koti la kijivu kutoka kwenye nguzo, akamvika, maana milimani kuna baridi. Lilimtosha mabegani.

"Na la ganda?" alisema mlangoni. "Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Walielewa, Mzee. Ndiyo maana nasema uende."

Alipotoweka nyuma ya tanuri, Dokta alikaa mezani na kufungua daftari la mahudhurio. Kutoka Tanurini hadi mpakani ni mwendo wa siku mbili na nusu kwa mtu mwenye miguu mizima. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina la Chitemo na nafasi tupu mbele yake, ambayo ingetosha kuanzisha msako. Aliitazama nafasi ile kwa muda. Kisha akachovya gumba lake kwenye wino, akalibonyeza.

Alama ilikuwa nyembamba mno, haikufanana na ya Mzee hata kidogo. Ilikuwa safi, kila mstari ukionekana. Mashine isingehitaji kufikia hamsini ili imtaje yeye.

Gari lilisikika likipanda kilima. Dokta alifunua ukurasa wa Jumanne, akabonyeza. Akafunua wa Jumatano, akabonyeza, wino ukiwa bado mbichi, kwa kuwa hakuwa na hakika kama siku hizo yeye mwenyewe angekuwepo kazini.